Kipimo cha jeni kilisema "kawaida", damu ikagoma kuganda: kisa cha warfarini kutoka Tandahimba

Kisa hiki cha warfarini, dawa inayozuia damu isigande, kimeundwa kwa ajili ya kufundishia, kwa kuunganisha mambo yanayoweza kumpata mgonjwa yeyote wa vali ya moyo anayerudi Mtwara au Lindi baada ya upasuaji. Mgonjwa si mtu mmoja halisi. Hesabu za dozi ni za kweli, na msomaji anaweza kuzirudia kwa kikokotoo cha simu.

Mgonjwa

Mwanamke wa miaka 34, mkulima wa korosho wilayani Tandahimba. Urefu sentimita 156, uzito kilo 52. Vali yake ya mitrali iliharibiwa na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, akapelekwa nje ya nchi na kuwekewa vali ya chuma. Lengo la INR yake (namba inayoonyesha damu inachelewa kuganda kwa kiasi gani; ikipanda, inachelewa zaidi) ni 3.0, na linaruhusiwa kucheza kati ya 2.5 na 3.5.

Huko alikofanyiwa upasuaji alichukuliwa damu ya kipimo cha vinasaba ili dozi ya warfarini ipangwe kwa kadiri ya mwili wake. Majibu ya jeni mbili, VKORC1 (ya protini ambayo warfarini huizuia) na CYP2C9 (ya kimeng'enya kinachoivunja), yalisomeka: VKORC1 G/G, CYP2C9 *1/*1, yaani kawaida. Akaandikiwa miligramu 6 kila siku: kidonge kimoja cha 5 na kimoja cha 1. Siku ya tisa INR ilikuwa 2.7, akaruhusiwa. Aliambiwa apime tena baada ya wiki mbili, na aache kabisa mboga za majani.

Siku ya 24 tangu aanze dawa alifika hospitali mjini Mtwara. Fizi zilikuwa zikitoa damu kila akipiga mswaki, na hedhi ilikuwa imeingia siku ya nane bila dalili ya kukata. Himoglobini 8.6. INR 7.4.

Kabla ya kugusa dozi

INR ya 7.4 ina mlolongo wa maswali, na swali la jeni liko mwisho kabisa wa mlolongo huo. La kwanza: je, namba yenyewe ni ya kweli?

Chupa yenye kifuniko cha bluu ina sitrati ya 3.2%, kemikali inayozuia damu isigande ndani ya chupa, sehemu 1 kwa sehemu 9 za damu. Chupa ya mililita 3 ina 0.3 ya sitrati na inahitaji 2.7 za damu, hadi kwenye mstari. Mishipa ikisumbua mtu akatosheka na mililita 1.5, sitrati inazidi, inakamata kalisi hata ile ya maabara inayoongezwa wakati wa kupima, na damu inachelewa kuganda ndani ya mashine ilhali mwilini haina tatizo hilo. INR inapanda kwa uongo. Hapa chupa ilijaa, na damu ya pili iliyotolewa mkono mwingine ilitoa jibu lilelile.

Kosa la pili la maabara halionekani kwa macho. INR ni PT ya mgonjwa, yaani sekunde ambazo damu yake inachukua kuganda maabara, ikigawanywa kwa wastani wa watu wazima wenye afya, kisha jibu linapandishwa kwa kipeo kinachoitwa ISI. Kila boksi la kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, lina ISI yake. Kwa mgonjwa huyu PT ilikuwa sekunde 77, wastani sekunde 12.5, ISI 1.1. 77 gawa kwa 12.5 ni 6.16, kwa kipeo cha 1.1 tunapata 7.4. Kama mashine ingekuwa imebaki na ISI ya 1.4 ya boksi lililokwisha, damu ileile ingesomeka 12.7. Kwa hiyo fundi alilichukua boksi, akasoma namba iliyochapwa, akailinganisha na iliyo kwenye mashine. Kazi ya dakika moja, na inastahili kufanyika kila boksi jipya linapofunguliwa.

Mita ya kupima INR kwa kuchoma kidole haikutumika kumfuatilia mwanzoni. Mita nyingi za aina hiyo zinaaminika pale hematokriti (sehemu ya damu iliyo seli nyekundu) ikiwa kati ya 25% na 55%, na mtu mwenye himoglobini ya 8.6 yuko ukingoni kabisa mwa chini.

Swali linalofuata: anameza nini hasa?

"Dada, nitolee vidonge vyote ulivyo navyo, hata vya kichwa."

Akafungua fundo la kanga. Vichupa viwili vya warfarini, karatasi ya paracetamol iliyobaki vidonge vitatu, basi. Muuguzi akamwomba amwage na kuonyesha anavyomeza jioni, badala ya kumuuliza tu. Inafaa kufanya hivyo kwa sababu rangi za warfarini hazifanani duniani. Kwa mpangilio wa Uingereza kidonge cha waridi ni cha miligramu 5 na cha kahawia ni cha 1. Kwa mpangilio wa Marekani cha waridi ndicho cha 1. Mtu aliyeanza dawa nchi moja na kununua nyingine nyumbani anaweza kumeza mara tano ya dozi yake huku akiapa kwamba "ni kile kile cha waridi". Dada huyu alimeza sawasawa: 5 na 1.

Dawa nyingine? Hakupewa Septrini, hakununua Flagyl kwa ajili ya tumbo, hakutumia dawa ya fangasi ya flukonazoli. Hizi tatu ni miongoni mwa zinazopandisha INR sana katika maduka ya dawa muhimu ya mikoa hii, kwa kuwa zote zinazuia kimeng'enya kinachovunja warfarini. Diklofenaki haikuwepo. Paracetamol alikuwa akimeza viwili tu siku moja moja. Ingekuwa gramu 2 au zaidi kila siku kwa siku kadhaa, nayo ingehesabiwa.

Chakula kilikuwa na jambo. Aliacha kisamvu na matembele kama alivyoagizwa. Vitamini K ndiyo warfarini inashindana nayo, na mtu wa Tandahimba aliyezoea kisamvu cha kutwanga mara nne au tano kwa wiki akikikata ghafla, dozi ileile inamlemea. Ushauri wa kuacha mboga kabisa umezoeleka na una madhara. Kinachotakiwa ni kiasi kisichoyumba. Kwa huku kusini kuyumba kuna majira yake pia: masika majani yamejaa hadi mlangoni, kiangazi kirefu watu wanarudi kwenye kunde, samaki na dagaa. Kliniki inayosoma INR bila kuuliza "siku hizi mboga yenu ni nini?" inakosa nusu ya habari.

Sababu hizo mbili, yaani mboga kukatwa na mwili uliokuwa bado dhaifu baada ya upasuaji, zinaweza kueleza sehemu ya 7.4. Zingeweza kuieleza yote? Jibu lilikuja wiki zilizofuata.

Kushusha bila kuiziba vali

Kwa mwenye vali ya chuma hatari iko pande zote mbili. INR ya 7.4 na hedhi isiyokatika inatisha. Vali iliyoganda damu inaua haraka zaidi. Kosa la kawaida wodini ni kuvuta kichupa kizima cha vitamini K cha miligramu 10 na kumchoma. INR inaanguka, kweli, kisha kwa wiki nzima au zaidi warfarini haishiki, na mgonjwa anabaki na chuma moyoni bila kinga, akitegemea heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu isigande, ambayo huenda haipo au haifuatiliwi ipasavyo.

Alipewa vitamini K miligramu 2 kwa mdomo. Dawa ya kichupa cha 10 mg kwa mililita 1 inanyweka: mililita 0.2 zilipimwa kwa bomba la mililita 1 lisilo na sindano, zikachanganywa na maji kidogo. Warfarini ilisimamishwa siku mbili. Kesho yake INR 4.6, keshokutwa 3.2. Hedhi ilikata siku ya tatu, akaanzishiwa vidonge vya madini ya chuma. Kama angekuwa anatapika damu au ana dalili za damu kuvuja kichwani, hadithi ingekuwa nyingine: vitamini K ya mshipani taratibu, pamoja na plazma ya mililita 15 kwa kila kilo au kikolezo cha protini za kugandisha damu pale kilipo.

Dozi ilirudishwa kwa kupunguza karibu asilimia 17 ya jumla ya wiki: kutoka miligramu 42 hadi 35, yaani 5 kila siku. Kisamvu kikaruhusiwa, mara nne kwa wiki, bila kuzidisha wala kuruka. Wiki moja baadaye INR ilikuwa 4.4.

Hapo ndipo shaka ilipogeuka. Mboga zimerudi, mwili unapata nguvu, chupa zimejaa, vidonge vimehesabiwa na havikuzidi, vipimo vya ini na tezi ya shingo viko sawa, na bado miligramu 35 ni nyingi. Ikashushwa hadi 28, yaani 4 kila siku. INR zilizofuata: 3.3, 2.9, 3.0. Baada ya miezi mitatu bado alihitaji 28. Udhaifu wa baada ya upasuaji haukai miezi mitatu.

Kipimo kilisoma kurasa zisizo zake

Warfarini ina sura mbili zinazokwenda pamoja ndani ya kidonge kimoja, S na R. S ina nguvu mara 3 hadi 5 ya mwenzake, na inavunjwa na kimeng'enya cha CYP2C9. Jeni ya CYP2C9 ina matoleo mengi, yanayoitwa aleli. Yanayojulikana zaidi ni *2 na *3, kwa sababu ndiyo yaliyojaa Ulaya ambako tafiti za mwanzo zilifanyika. Kwa watu wenye asili ya Afrika hayo mawili ni adimu. Yanayopunguza kasi ya kimeng'enya kwetu ni *5, *6, *8 na *11, na kati ya hayo *8 ndilo linalokutwa zaidi.

Maabara ya kule nje ilitafuta *2 na *3 peke yake. Kipimo kisipoona toleo lolote kati ya yale kinayoyatafuta, kinaandika *1/*1. Hapa ndipo palipo na hatari: *1 kwenye karatasi inamaanisha "hatukuona tulichokitafuta", na msomaji anaielewa kuwa "hakuna kitu".

Sasa tuangalie dozi ilivyopatikana. Kanuni iliyotumika ni ya muungano wa kimataifa wa watafiti wa warfarini, IWPC, iliyochapishwa mwaka 2009. Inatoa kipeuo cha pili, yaani mzizi wa mraba, wa dozi ya wiki. Kwa mgonjwa huyu:

5.6044 toa 0.2614 × 3 (miongo ya umri), jumlisha 0.0087 × 156, jumlisha 0.0128 × 52, toa 0.2760 kwa mtu mweusi. VKORC1 G/G na CYP2C9 *1/*1 havitoi chochote. Jibu ni 6.567, likizidishwa lenyewe kwa lenyewe ni miligramu 43.1 kwa wiki. Daktari akaandika 42.

Muungano huohuo una kanuni ya pili isiyotumia jeni:

4.0376 toa 0.2546 × 3, jumlisha 0.0118 × 156, jumlisha 0.0134 × 52, jumlisha 0.4060. Jibu ni 6.217, zidisha, unapata 38.7.

Kwa hiyo kipimo cha gharama kiliongeza dozi kwa zaidi ya miligramu 4 kwa wiki kwa mwanamke aliyehitaji ipunguzwe. Kanuni ilipewa habari kwamba hana kasoro yoyote, ikamlipia kwa dozi kubwa. Hata ile ya 38.7 ilikuwa nyingi kwake, ila ingempa nafasi zaidi ya kugundulika mapema.

Jambo hili halikuanzia Tandahimba. Jaribio la COAG la Marekani, lililotolewa mwaka 2013, lilikuwa na wagonjwa 1,015, zaidi ya robo yao weusi. Kwa weusi, waliopangiwa dozi kwa jeni walikaa ndani ya lengo la INR asilimia 35.2 ya muda. Waliopangiwa kwa kanuni isiyo na jeni walikaa asilimia 43.5. Mwaka huohuo jaribio la EU-PACT la Uingereza na Uswidi, lililokuwa la wazungu karibu wote, lilionyesha faida: 67.4 dhidi ya 60.3.  Tofauti moja kubwa ilikuwa nani aliandikwa ndani ya kipimo na nani aliachwa nje. Kwa miaka mingi watu walisoma majaribio hayo mawili kama mabishano kuhusu kama jeni zina faida, wakati sehemu ya jibu ilikuwa imelala kwenye orodha ya aleli.

Mwongozo wa mwaka 2017 wa CPIC, muungano wa wataalamu wanaoandika jinsi ya kupanga dawa kwa jeni, ulilisema wazi: kwa mtu mwenye asili ya Afrika, kama *5, *6, *8 na *11 hazikupimwa, dozi ipangwe kwa njia ya kawaida ya kliniki bila jeni. Zikipimwa na aleli mojawapo ikapatikana, dozi iliyokokotolewa ipunguzwe kwa asilimia 15 hadi 30 kwa kila aleli.

Kupima upya

Damu mililita 2 katika chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia isigande, ilipelekwa Dar es Salaam kwenye maabara yenye mashine ya kusoma mfuatano wa DNA. Hospitali za mikoa hazihitaji kuwa na mashine hiyo, ila anayeandika fomu anahitaji kujua la kuomba. Kuandika "CYP2C9" tu hakutoshi. Omba eksoni (vipande vya jeni) 3, 5 na 7 zisomwe zote. Eksoni 3 inabeba *2 na *8. Eksoni 5 inabeba *6. Eksoni 7 inabeba *3, *5 na *11. Aleli sita kwa vipande vitatu.

Kusoma mfuatano kuna faida nyingine hapa. Badiliko la *2 liko kwenye nafasi ya 430 na la *8 liko 449. La *3 liko 1075 na la *5 liko 1080, herufi tano tu mbele. Vipimo vinavyotumia kinasio kifupi, yaani kipande kidogo cha DNA cha kunasia, kilichotengenezwa kwa ajili ya *3 vinaweza kuteleza pale mgonjwa anapokuwa na *5, kwa kuwa kinasio hakikai vizuri juu ya badiliko la jirani. Maabara inayoleta jibu la "imeshindikana" kwenye nafasi ya *3 kwa Mwafrika isiambiwe irudie tu. Iulizwe kama imetazama jirani yake.

Jibu: CYP2C9 *1/*8. VKORC1 G/G ilithibitishwa.

Tukirudi kwenye 43.1 na kupunguza asilimia 15 tunapata 36.6, na tukipunguza asilimia 30 tunapata 30.2. Yeye ametulia kwenye 28, chini kidogo ya ukingo. Hilo halishangazi. Jeni inaeleza sehemu ya dozi, siyo yote, na wagonjwa waliotumika kujenga kanuni ya 2009 walikuwa wachache mno kutoka Afrika kuweza kuipima miili ya hapa kwa usahihi. Kuna alama nyingine, rs12777823, iliyo jirani na jeni hizi kwenye kromosomu ya 10. Mwaka 2013 ilionyeshwa kupunguza mahitaji ya warfarini kwa Wamarekani weusi. Ushahidi wake unatoka kwao. Kwa maoni yetu isitumike kukata dozi ya mtu wa Mtwara kabla ya kuonyeshwa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki wenyewe.

Angalizo moja kuhusu watu wetu. Mtu asihitimishe kwamba Mmakonde, Mmakua au Myao anatafutiwa *8 na kumaliza. Mwambao wa Mikindani, Lindi na Kilwa umeoana na Bara Arabu na India kwa karne nyingi, kwa hiyo *2, *3 na aleli A ya VKORC1 zinaweza kumkuta mtu yeyote. Orodha iwe kamili kwa kila mmoja. Kabila si kipimo.

Kwa nini 2.7 ya siku ya tisa ilidanganya

Hiki ndicho kipande ambacho kliniki isiyo na kipimo chochote cha jeni inaweza kukifanyia kazi kuanzia kesho.

Warfarini haigusi protini za kugandisha zilizoko tayari kwenye damu. Inazuia mpya zisikamilike. Protini ya VII inaisha kwanza, nusu yake ikitoweka kwa saa 6 hivi, na ndiyo inayopandisha INR siku za mwanzo. Prothrombini, protini nyingine ya kugandisha, inachukua saa 60 hadi 72 kupungua nusu. Juu ya hapo, dawa yenyewe inajikusanya hadi ifikie kiwango chake cha kudumu. Kwa mwenye CYP2C9 ya kawaida kujikusanya huko kunaisha ndani ya siku 7 hadi 10 hivi. Kwa mwenye kimeng'enya cha polepole S-warfarini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na kiwango kinaendelea kupanda wiki ya pili, hata ya tatu.

INR ya 2.7 siku ya tisa kwa mtu wa kawaida inasema "umefika". Kwa mwenye *8 inasema "uko njiani". Namba ni moja. Zinazotofautisha ni namba mbili zinazofuata, na hizo hazikupimwa kwa sababu mgonjwa alikuwa safarini, kisha nyumbani, na kutoka kijijini hadi Mtwara mjini na kurudi ni kutwa nzima na nauli.

Kwa hiyo anayeanza warfarini huku kusini, bila jibu la jeni lililokamilika, aanze na miligramu 5 au pungufu, pungufu zaidi akiwa mwembamba, mzee, au moyo wake umechoka. Apimwe siku ya 3, ya 5, ya 7, kisha 10, 14, 21 na 28. Kama hakuna fedha ya vipimo vyote, vya siku ya 14 na ya 21 visiachwe kamwe. Ndivyo vinavyomkamata mtu kama huyu. INR ikiwa imepanda kwa zaidi ya 0.5 kati ya vipimo viwili bila dozi kuongezwa, ihesabiwe kuwa bado inapanda hata kama iko ndani ya lengo. Kiwango hicho cha 0.5 ni hukumu ya kazi, kila kliniki inaweza kukikaza.

Dawa mpya zisizohitaji INR haziwezi kumwokoa mgonjwa wa aina hii. Dabigatrani ilijaribiwa kwa wenye vali za chuma, jaribio likasimamishwa na matokeo kutolewa mwaka 2013: damu ziliganda zaidi na kuvuja zaidi. Kwa wenye moyo wa baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio, jaribio la INVICTUS la mwaka 2022 liliwapa ushindi wanaotumia warfarini na jamii yake dhidi ya rivaroksabani, nyingine kati ya dawa hizo mpya. Warfarini itaendelea kuwa dawa ya wagonjwa hawa.

Kadi na uzazi

Kwenye kadi yake ya kliniki kumeandikwa: vali ya chuma ya mitrali, lengo 2.5–3.5, CYP2C9 *1/*8, aleli sita zimesomwa, VKORC1 G/G, 28 mg kwa wiki, vidonge vinne vya 1 mg kila jioni. Vidonge vya 5 viliondolewa kwake kabisa, abaki na aina moja. Chini yake: akipewa Septrini, Flagyl au flukonazoli, INR ndani ya siku 3 hadi 5; akianzishiwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, INR kila wiki, kwa kuwa hiyo inaharakisha vimeng'enya na dozi inaweza kuhitaji kupanda mara mbili au zaidi, kisha kushuka tena inapoisha.

Ana miaka 34 na anataka mtoto mwingine. Warfarini huharibu mimba hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, na hatari hiyo hupungua pale dozi inapokuwa miligramu 5 kwa siku au chini. Kwa dozi ya 6 aliyorudi nayo, mazungumzo yangeelekea moja kwa moja kwenye sindano za heparini kwa wiki hizo. Kwa dozi yake halisi ya 4 ana njia mbili za kuchagua, akiwa na daktari wa moyo na wa uzazi, na kwa vyovyote warfarini itasimamishwa ikikaribia wiki ya 36. Hadi atakapoamua amewekewa kijiti mkononi, na ameelezwa kuwa hedhi ikichelewa hata wiki moja, kijiti kikiwepo au kimetolewa, apime mimba siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.